Rwanda yote inaingia Lindi mara mbili, nani anawaonyesha wageni ndege wetu?

Mhariri salaam,

Nimesoma ile makala yenu ya kuangalia ndege Rwanda, nzuri sikatai, milima, msitu wa Nyungwe, mafunjo ya Akagera, ndege aina kama 700 kwenye kanchi ambako ukikabeba kote kanaingia mkoa wa Lindi mara mbili na nafasi inabaki. Ila nilipomaliza nikajiuliza, sisi wa kusini mbona hamtugusi?

Mi nimekulia Rondo, huku Lindi. Sio milima ile ya Rwanda, ni uwanda wa juu tu, lakini ukiiacha mikoko ya Lindi mjini ukapanda mpaka kule asubuhi unatafuta sweta, na ndege uliowaacha pwani sio unaowakuta juu.

Sasa mwaka juzi akaja mzee mmoja wa kizungu, darubini shingoni, kijiji kizima tukajua huyu mtu wa madini, wengine wakasema anapima mashamba ya mikorosho, mpaka mwenyekiti akamwita ofisini ajieleze. Kumbe anatafuta kandege ka kuenea kwenye ngumi, dume lake lina mkanda mweusi kifuani! Kitaalamu anaitwa Batis reichenowi, Mjerumani Hermann Grote ndo wa kwanza kumwandika kitaalamu, mwaka 1911, kutokea hapo Mikindani, Mtwara, na dunia nzima yuko kusini mashariki mwa Tanzania basi. Mi utotoni nimemlenga kwa manati sijui mara ngapi, Mungu anisamehe.

Dereva aliyemleta mgeni katoka Dar, simba na tembo anawajua kama watoto wake, ila huku kila kinachoruka kwake ni "kandege tu". Aliyemwonyesha yule mzee alichokifuata ni kijana wetu wa bodaboda, akaingia kichakani akapiga mluzi kwa kuiga sauti, kandege kenyewe kakajileta mpaka karibu kabisa, mzee wa watu nusura alie. Kijana akapewa elfu kumi, na dereva akarudi Dar na posho yake ya siku zote nne. Hapo ndo pananiuma.

Rondo siku hizi ni hifadhi ya mazingira asilia, iko chini ya TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo wenye kuhusika wapo. Wawachukue hawa vijana wa manati na mluzi, wawape darubini na majina ya kitaalamu, msitu wenyewe wanaujua hata usiku.

Na nyie waandishi mkija njooni Desemba, kuna ndege mmoja mgongo kijani tumbo jekundu, mabawa yana buluu, anakuja na mvua kuzaliana kwenye misitu ya ukanda huu. Shida ni kwamba mvua hiyo hiyo ndo inaimaliza barabara ya kupandia, gari liacheni chini mpande na bodaboda, na kijana mlipeni vizuri.

Mkazi wa Rondo, Lindi