Dada, kuhusu chumba cha Baba

Dada, shikamoo.

Meseji zangu husomi, tiki zinakaa vilevile hazigeuki bluu. Basi naandika hapa hadharani, watu watanisamehe.

Jumamosi nilikwenda Memphis, kutoka Nashville ni mwendo wa kama saa tatu kwa gari. Nilikwenda Lorraine, ile moteli alipopigwa risasi Martin Luther King tarehe 4 Aprili 1968, saa kumi na mbili na dakika moja jioni, akiwa na miaka 39. Siku hizi ni makumbusho ya haki za raia. Nje wameiacha ilivyokuwa: magari mawili ya zamani chini, na juu, kwenye roshani alipoangukia, shada la maua mekundu na meupe. Ndani nilipita harakaharaka. Basi la Rosa Parks, yule mama Mweusi aliyekataa kumpisha Mzungu kiti, nililiangalia kidogo tu. Nilichogandia ni lori la taka.

Ujue King alikwenda Memphis kwa ajili ya wazoa taka. Februari mosi mwaka ule Echol Cole na Robert Walker walijikinga mvua nyuma ya lori lao, mtambo wa kushindilia taka ukajiwasha, ukawasaga. Wenzao kama 1,300 wakagoma, wakaandamana na mabango: Mimi ni mwanamume. Nikamkumbuka Baba akirudi na ile harufu, na wewe unamkimbilia na ndoo ya maji kabla hajakaa. Mimi lori lake likipita shuleni nilijificha. Wewe ulimpungia mkono. Hilo sikunyang'anyi.

Halafu chumba namba 306. Unakitazama kwa kioo. Blanketi limefunuliwa, kama mtu katoka mara moja anarudi. Mwenye moteli, Walter Bailey, hakukipangisha tena. Mkewe Loree, ambaye jina la moteli limetokana na lake, alipatwa na kiharusi siku ileile, akafa siku King anazikwa. Biashara ikazorota, mwaka 1982 mzee akafilisika, na chumba kile alikuwa bado hajakigusa.

Dada, wewe hata arobaini ya Baba hukuingoja.

Nilikupigia video, ukawa unatembea uwani na simu mkononi. Nyuma yako nikayaona mabuti ya Baba, yale meusi ya mpira, shimoni, juu ya maganda ya mihogo. Moja limelala, moja limesimama. Aliyezoa taka za watu mpaka mgongo ukapinda! Wewe hukujua kama nimeyaona. Ulikuwa unanieleza mpangaji kashatoa kodi ya miezi mitatu.

Najua utasema aliyemgeuza Baba kitandani ni wewe, mimi nilikuwa sauti ya simu. Kweli. Lakini Baba alizikwa alasiri ya siku ileile, hata ningekuwa Dar nisingewahi. Na arobaini makaratasi yangu yalikuwa hayajatoka, ningekuja nisingerudi, na deni la hospitali angelilipa nani? Ninachokushauri ni kimoja tu, jambo la wote mtu asiliamue peke yake. Mimi kubaki huku sikuamua, niliamuliwa. Na hela ya hitima ilitoka wapi? Sikusimangi, nakumbusha tu.

Tena hukuniuliza. Ungeniuliza ningekubali, pengine.

Sasa kuna kitu kinanikera tangu Jumamosi. Mpangaji wa mwisho wa Lorraine, mama mmoja, alitolewa kwa nguvu mwaka 1988 ili pajengwe makumbusho. Akapiga kambi ng'ambo ya barabara, miaka na miaka, akisema ni heri pangewekwa watu wasio na pa kulala kuliko kufanywa pa kutazama. Niliposikia habari zake nikaisikia sauti yako: "Chumba si kaburi." Nimekuwa nikimtafutia jibu yule mama njia nzima mpaka nyumbani. Nimekosa.

Mpangaji bado yupo? Ulisema ni kijana wa chuo. Mwambie dirisha la upande wa mwembe halifungwi kwa kuvutwa. Alinyanyue kidogo kwanza, halafu alisukume kwa kiganja, kama Baba. Vuli hiyo inakuja, litamlowesha kitanda.