Kambi za macho zitaje lenzi zinazoweka

Ndugu Mhariri,

Kila inapotangazwa kambi ya upasuaji wa macho, tangazo hutaja tarehe, mahali na kwamba huduma ni bure. Sijaona hata moja linalotaja lenzi ya bandia itakayowekwa ndani ya jicho. Mimi ni muuguzi wa macho, na naomba nafasi katika safu yako nieleze kwa nini jambo hilo lina uzito.

Mgonjwa wa mtoto wa jicho anapopasuliwa, daktari hutoa lenzi iliyoingia ukungu lakini huacha utando mwembamba ulioizunguka, ili lenzi ya bandia ipate pa kukaa. Pembezoni mwa utando huo hubaki chembe hai, hata usafishaji uwe makini namna gani. Baada ya miezi, au miaka miwili mitatu, huweza kuzaliana na kutambaa hadi katikati ya utando wa nyuma. Ukimwangalia mgonjwa kwa mashine, unaziona zimerundikana kama mayai ya samaki. Yeye anachojua ni kwamba taa za bodaboda zinamchoma macho usiku na sura za watu zimeanza kufifia tena. Atakwambia mtoto wa jicho karudi. Hajarudi, lenzi ikishatolewa, haioti nyingine.

Tiba ipo, nayo ni leza, yaani mwale mkali wa nuru. Kwa dakika chache, bila kisu wala maumivu, tundu linafunguliwa katikati ya utando na nuru inapita. Ila mashine hiyo hospitali nyingi za wilaya hazina. Bibi aliyepasuliwa bure kijijini kwake anaambiwa apande basi hadi mjini, tena na mtu wa kumshika mkono, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi. Wengi hawaendi. Na leza yenyewe haikosi madhara: presha ya jicho inaweza kupanda, na mara chache retina, sehemu ya ndani nyuma ya jicho inayopokea nuru, huachia mahali pake.

Heri kinga. Lenzi yenye ukingo wa nyuma wa mraba hukandamiza utando na kuzizuia chembe zisivuke kirahisi. Ile ya ukingo wa mviringo huziachia njia. Mtu asidhani hiyo ni anasa ya lenzi za kukunja za hospitali za kulipia. Hata lenzi ngumu za plastiki, zilizozoeleka kambini, zipo zinazotengenezwa zikiwa na ukingo wa mraba. Mengine yako mkononi mwa daktari: dirisha analofungua kwenye upande wa mbele wa utando liwe dogo kidogo kuliko lenzi ili liishike pande zote, na mabaki yasafishwe hata kama foleni nje ni ndefu. (Foleni ya kambini naijua; ndiyo inayokula dakika hizo.) Matone ya dukani hayazuii kitu hapa, wala asali.

Kwa watoto wadogo utando huziba karibu kila mara, ndiyo maana kwa kawaida hutobolewa katika upasuaji uleule.

Nawaomba wafadhili na waagizaji wa vifaa waandike ukingo wa mraba kwenye oda zao. Stika ya pakiti ya lenzi ibandikwe kwenye kadi anayobaki nayo mgonjwa, si kwenye faili linaloondoka na gari la kambi. Na bajeti iwe na fungu la kurudi mwaka unaofuata kuwapima waliopasuliwa, pamoja na nauli ya watakaohitaji leza.

Muuguzi wa macho,
Tanga