Tairi la kuazima: barua ya wazi kwa vijana wa matatu, Mombasa

Wanangu wa steji, madereva na makanga, na nyinyi mlionunua nisani ya kwanza kwa mkopo wa sako,

Nawaandikia nikiwa na hasira, wala sitaki kuificha. Majuzi nilikaa wiki nzima kwenye benchi la gereji ninapofanya vibarua vyangu vya uzeeni, nikaona seti moja ya magurudumu manne, rimu na tairi, ikipasisha magari matatu kwenye ukaguzi. Jumatatu ilikuwa kwenye gari jeupe. Jumatano ikafungwa kwenye lile lenye spika mpaka chini ya viti. Ijumaa ikaingia kwenye la tatu. Niliitambua kwa alama ya rangi nyekundu niliyoipaka mwenyewe siku nilipoyafunga magurudumu hayo mapya. Kila gari lilipotoka ukaguzini na karatasi yake safi, jeki ilipanda, mazuri yakavuliwa, yale ya tairi vipara yakarudi. Nikamuuliza kijana mmoja, akanijibu kwa adabu kabisa: "Mzee, sisi tunasaidiana tu."

Jumapili lile gari jeupe lilichukua watu wa harusi kwenda Kilifi. Tairi la nyuma likapasuka njiani. Dereva alilishika gari, Mungu amlipe, hakufa mtu. Lakini mama mmoja alivunjika mkono, na bi harusi alimpokea shangazi yake hospitalini badala ya ukumbini. Karatasi ya ukaguzi ilikuwa na siku sita.

Kusaidiana! Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nanyi mmeivalisha gari lenye roho kumi na nne ndani. Yule mama hakuwa na njia ya kujua. Abiria hainami kukagua tairi. Anaona stika, anaamini, anapanda na mtoto wake. Mliyemdanganya si mkaguzi. Mkaguzi alirudi kwake jioni na gari lake mwenyewe.

Na kwa kuwa mnapenda magari, na najua mnayapenda kuliko hata sisi tulivyoyapenda, jifunzeni basi kulijua tairi. Tafuteni ubavuni herufi DOT, kisha tazameni tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 2317, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mpira huzeeka hata ukilala stoo, na joto letu la Pwani linauharakisha. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, linapata moto, na moto huo ndio unaolipasua, hasa likiwa limebeba mzigo kwenye lami ya saa nane mchana. Mnalipasua nyinyi tangu asubuhi, halafu mnasema ni ajali, ni mapenzi ya Mungu. Msimsingizie Mungu.

Huko kuhamisha kwenyewe kuna hatari yake. Gurudumu likishafungwa, nati zake hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Nani kati yenu amewahi kufanya hivyo kwa gurudumu atakalolivua jioni? Na vile vipara mlivyorudisha kwa haraka huku makanga ameshaanza kuita abiria, nani alizikaza nati zake mara ya pili?

Gavana, kile kidhibiti mwendo cha gari, nalo ni vivyo hivyo. Hupimwa kwa gari moja, kwa ukubwa wa matairi yake. Ukilikata nyaya na kulihamishia gari jingine, linahesabu uongo. Msiniambie tofauti ya 80 na 100 ni ndogo: gari likienda kilomita 100 kwa saa, breki zina kazi ya kumaliza nguvu iliyozidi mara moja na nusu ile ya 80.

Mikanda, isiazimwe. Mtungi wa kuzima moto, usiazimwe. Taa za breki, viti, springi zilizokuja na gari, vivyo hivyo.

Wengi wenu mlikuwa wachanga, au hamjazaliwa, tarehe 1 Februari 2004, zilipoanza kazi sheria za matatu za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo: gavana, mikanda, mstari wa njano, kila abiria na kiti chake. Magari yalijificha, watu wakatembea kwa miguu, wakalalamika, kisha wakaanza kusafiri kama binadamu. Nilifunga mikanda mpaka vidole vikaota sugu. Na mwaka uo huo niliona mikanda ikifunguliwa gari hili ikapelekwa gari lile kwa ajili ya ukaguzi, nikanyamaza, kwa sababu nililipwa kuifunga na kuifungua. Kunyamaza kule ndiko kulikowalea nyinyi. Hilo nalibeba.

Sisemi makosa ni yenu peke yenu. Kuna mwenye gari anayetaka hesabu ile ile kila jioni, tairi lina uzi nje au halina. Kuna abiria anayeacha gari zima apande lenye muziki, akiliambia likimbie. Kuna wazee kama mimi. Nanyi mnaamka saa kumi alfajiri, mnalipa karo za wadogo zenu, mnazika wazazi wenu kwa pesa ya steji. Najua. Ndiyo maana naumia.

Lakini udugu huo huo unaweza kununua tairi. Magari kumi ya steji moja, kila gari likitoa shilingi 200 kwa siku, kwa siku 30 ni shilingi 60,000. Anzeni na gari lenye hali mbaya zaidi, halafu linalofuata. Mnajua kuendesha chama, mama zenu waliwafundisha.

Jumamosi hii nitakuwa gerejini kuanzia saa moja asubuhi na geji yangu ya upepo. Leteni magari yalivyo, msiazime kitu. Sitamtoza mtu na sitamwitia mtu polisi. Ile seti yenye alama nyekundu msiiulize. Nimeinunua kwa mwenyewe, nimeifunga kwenye lile gari jeupe, nati nimezikaza mara mbili kwa mkono wangu, na haitoki hapo.

Ni mimi babu yenu,
fundi wa zamani, Changamwe