Yale mafungu saba ya mchele nusura niyafagie

Bwana Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu kwamba harusi za Wahindi ni vituko vya kuzunguka moto na kuvutana pua, na kwamba sisi Waislamu tunaoalikwa bora tule biriani yetu tuondoke. Biriani gani? Wagujarati wengi wa Kihindu, wale wenye asili ya Gujarat kule India, hawagusi nyama. Hapo tu nilijua ndugu huyu hajaingia harusi yao hata moja, kasimama nje ya ua akachungulia.

Mimi ni mpaka hina, Shela hapa Malindi, huu mwaka wa 19. Mikono ya maarusi wa Kibajuni, wa Kiarabu na wa Kigiriama imepita mapajani mwangu, na ya Wahindi pia. Piko, ile rangi nyeusi ya dawa, sipaki, hata nibembelezwe. Nimeona ngozi za watu zilivyoungua. Hina yangu ni ya majani, mafuta ya karafuu, na ndimu na sukari ya kuishikiza.

Harusi yao ya kwanza niliitiwa bibi harusi wa Kigujarati. Nilimchora mpaka usiku wa manane, na kwenye kiganja, katikati ya maua, nikaambiwa nifiche herufi ya jina la mume. Ataitafuta mwenyewe. Asipoiona, watamcheka. Kesho yake nikaombwa nibaki nisaidie kumvalisha: panetar, sari nyeupe yenye pindo jekundu inayotoka kwao, na baadaye atafunikwa gharchola nyekundu ya ukweni. Nikakumbuka visutu vyetu, kanga za maarusi.

Basi kabla watu hawajajaa, nikaona chini, karibu na pale moto utakapowashwa, mafungu saba madogo ya mchele yamepangwa mstari, kila fungu na popoo juu yake. Nikadhani watoto wamecheza. Nikachukua fagio. Nyanya wa bibi harusi alinishika mkono, na kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu akaniambia, "Mwanangu, hapo unafagia ndoa ya mjukuu wangu."

Akaniketisha akanieleza. Moto hawauzunguki kwa mchezo. Kwao Agni, moto, ndiye shahidi. Samli na nafaka zinazotiwa humo ni sadaka. Wagujarati huuzunguka mara nne, kwa makusudi manne ya maisha: kutenda haki, kutafuta riziki, mapenzi, na roho kuwa huru mwishoni. Kisha ndipo yale mafungu saba. Bibi harusi anagusa moja moja kwa kidole cha mguu, na kila hatua ina ombi lake: chakula, nguvu, mali, raha, watoto, majira mema ya mwaka. Ya saba ni urafiki. Sheria ya ndoa za Kihindu ya India ya mwaka 1955 inasema kwamba palipo na hatua hizo, ndoa inakamilika hatua ya saba inapokanyagwa. Hapa kwetu Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa hiyo sawa na ya Kiislamu, ya Kikristo, ya kimila na ya serikali. Sasa huyo anayeita vituko amwendee msajili akambishie.

Na pua? Bwana harusi anapofika mlangoni, mama mkwe humpokea kwa heshima zote, kisha hujaribu kumshika pua. Ni kumkumbusha kwamba amekuja kuomba mke, asiingie na pua juu. Mama zetu wangapi wangetamani ruhusa hiyo!

Lakini wako na wale wa upande wa pili, wanaosema mambo yote ni yale yale. Si yale yale. Hina ni moja, kweli, na manjano wanayompaka kabla ya siku yenyewe ni jamaa ya singo letu la kumsugulia bibi harusi mwili. Ila kwetu walii, yaani msimamizi wa binti, na bwana harusi wanashikana mikono msikitini, maneno yanasemwa, ndoa imepita, na binti yuko chumbani namalizia mguu wake wa kushoto. Kule binti asipozitembea zile hatua kwa miguu yake, hakuna kilichofungwa. Nilisimama kando nikamtazama anavyoweka kidole juu ya mchele taratibu, hina yangu imekolea mpaka kwenye kisigino, na nilikuwa sijawahi kuona kazi yangu ikitumika hivyo.

Moja sikulipenda, nalisema. Kuna pahala baba anamtoa binti, kanyadaan wanaita, yaani kumtoa kama sadaka. Nyanya alinieleza kwamba anayejinyima hapo ni baba. Wajukuu zake wawili waliguna. Kumbe wenyewe bado wanabishana.

Vasco da Gama alipotia nanga hapa Malindi mwaka 1498 alikuta vyombo vya watu wa Bara Hindi. Wareno wakawaonyesha picha ya Bi Mariamu, wale wakaiinamia, na katika kumbukumbu za safari ikaandikwa kwamba ni Wakristo. Waliona kuinama, hawakuuliza kama ni Wahindu. Nguzo ya Mreno huyo bado imesimama kule baharini, na barua ya ndugu yetu ni kama iliandikwa imeegemea hapo.

Mwisho, kuna hili la viatu. Bwana harusi huvivua kabla ya kuketi mbele ya moto, na wadogo wa bibi harusi huviiba mpaka avikomboe, kama wasichana wetu wanavyomzibia bwana harusi mlango mpaka atoe kifungua mlango. Siku ile upande wa mume walipekua ukumbi mzima. Kimoja walikipata chini ya jamvi. Cha pili kilikombolewa saa tatu usiku, na kilikuwa ndani ya kapu langu la hina.

Mpaka hina,
Shela, Malindi