Risala ya Wafuatiliaji wa Washiriki wa Utafiti wa Afya kwa Mgeni Rasmi, Mbalizi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya,
Ndugu Mganga Mkuu wa Wilaya,
Waheshimiwa Madiwani, watendaji wa kata na vijiji, wenyeviti wa vitongoji,
Wahudumu wa afya ngazi ya jamii,
Washiriki wetu mlioteremka kutoka Umalila na mliopanda kutoka Usangu,
Mabibi na mabwana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, umekubali kuja kufunga mafunzo ya kazi ambayo wengi hawajui kuwa ni kazi. Daktari anafahamika, mtaalamu wa maabara anafahamika. Mfuatiliaji, yaani anayewatafuta washiriki wa utafiti warudi kupimwa, ni yule anayeonekana saa 12 jioni kwenye njia ya Santilya, viatu mkononi kwa sababu ya utelezi, akiulizia kwa mama fulani. Kwa ruhusa yako tutaeleza kazi hiyo inavyofanyika, inapoharibikia, na tunachoomba kwako.

Utafiti wa muda mrefu hauhitaji watu wengi tu. Unahitaji watu wale wale, wapimwe leo, wapimwe tena mwakani, na mwaka unaofuata. Utafiti wa mji wa Framingham huko Marekani ulianza mwaka 1948 na watu 5,209, na sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu presha, lehemu, sigara na moyo imetokana na watu hao kuendelea kurudi. Hapa kwetu jambo hili si geni. Mkoa wa Mbeya ulikuwa na utafiti wa wanawake wahudumu wa baa kuanzia mwaka 2000 hadi 2004, uliowapima kila baada ya miezi 3, kisha ukaja wa kaya katika maeneo 9 kati ya 2006 na 2011, ukiwa na watu wapatao 18,000. Kule Kisesa, Magu, utafiti wa namna hiyo unaendelea tangu 1994.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo wakubwa wengi wa miradi wanapojidanganya. Washiriki 1,000 wakipungua 5 katika kila 100 kwa mwaka, mwaka wa kwanza hakuna anayeshtuka. Mwaka wa kumi ukiisha wamebaki 599. Wakipungua 2 tu katika kila 100, wanabaki 817. Na kama mahudhurio ni kila miezi 6 na kila hudhurio linadondosha 5 katika 100, miaka 10 hiyo hiyo itakuachia watu 358. Tofauti ya watatu katika mia, ambayo kwenye taarifa ya mwezi haionekani, ndiyo inayokula utafiti mzima.

Na idadi si ubaya mkubwa kuliko yote. Ubaya ni kwamba aliyepotea hafanani na aliyebaki. Kwa mfano wa kubuni, tuseme katika watu hao 1,000, mia nane wametulia kijijini na mia mbili ni vijana wa kuhamahama: leo Chunya kwenye dhahabu, kesho Tunduma mpakani. Kwa mwaka, waliotulia wanapata maambukizi mapya 8, na wale mia mbili nao wanapata 8. Ukweli ni 16 kwa kila 1,000. Ukiwapoteza vijana wote, utaandika 8 kwa 800, yaani 10 kwa kila 1,000, na wilaya itaambiwa hali ni nzuri. Hakuna aliyesema uongo wala kukosea kipimo. Ni kwamba waliokuwa na jibu hawakuwepo siku ya kuulizwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mshiriki haanzi kupotea mwaka wa tatu. Anapotea siku ya kwanza, kwenye fomu ya mawasiliano iliyojazwa harakaharaka. Tunaomba utuvumilie kidogo hapa.

Jina peke yake halitoshi. Mtu mmoja ana jina la ubatizo, jina la ukoo, jina la shuleni, na jina ambalo kijiji kizima kinamwitia. Ukienda Rungwe kuuliza Mwakalinga utaonyeshwa nyumba kumi. Ukiuliza Mama Tumaini fundi cherehani, mtoto atakupeleka hadi mlangoni. Kwa hiyo tunaandika majina yote, pamoja na la utani. Namba ya simu tunaipiga palepale mpaka iite mbele yetu, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa hugundulika baada ya mwaka, mtu akiwa Dar es Salaam. Tunauliza pia simu ni ya nani, nani mwingine huipokea, na kama tunaruhusiwa kuacha ujumbe.

Ndugu wa mawasiliano wawe watatu, na wasiwe wa nyumba moja. Mmoja awe wa ndani ya kaya. Wa pili awe wa kijiji kile kile lakini kaya nyingine, kwa sababu kaya ikihama huhama na wote waliomo. Wa tatu awe nje ya wilaya: dada aliyeolewa Makambako, au mjomba wa Mafinga kwenye mbao. Huyu wa tatu ndiye wadodosaji wengi huruka, na ndiye atakayesaidia mwaka wa tano. Kisha tunaandika mshiriki hulima wapi. Wako wanaokaa milimani lakini shamba la mpunga liko Usangu, na msimu ukifika hulala kibandani wiki nyingi. Mwisho tunachora njia: toka mashine ya kusaga, pita kanisa, nyumba ya pili yenye mparachichi. Alama za setilaiti tunachukua, ila simu ikizima, mparachichi bado upo.

Fomu hiyo irudiwe kila hudhurio. Usimuulize mtu, "Kuna mabadiliko yoyote?" Atasema hakuna, apate kuondoka. Msomee mstari kwa mstari: "Simu yako bado ni hii? Dada yako bado yuko Makambako?" Ni dakika tano tu.

Ratiba nayo ina mambo yake. Toka Novemba hadi Aprili mvua inafunga barabara za mlimani, na gari la mradi likikwama, watu thelathini hawajapimwa siku hiyo. Mei na Juni Usangu iko kwenye mavuno. Siku ya gulio usipange kitu. Ukifika penye msiba, funga mkoba, kaa na watu, rudi siku nyingine. Anayeuliza dodoso msibani ameharibu kijiji kwa miaka. Kipimo cha damu kinachotaka mtu asiwe amekula kwa muda wa saa 8 kifanyike saa 1 au saa 2 asubuhi, na chai ya moto na andazi viwe tayari, hasa mwezi wa Julai ambapo baridi ya Uporoto haina mzaha. Bibi aliyeshinda njaa mpaka saa 6 mchana akisubiri zamu hatarudi, na ataondoka na majirani zake.

Tunasema wazi: foleni inapoteza watu kuliko umbali. Andika saa aliyofika mtu na saa aliyoondoka. Dodoso la nyumbani likizidi dakika 45, mtu huanza kujibu "hapana" kwa kila swali, maana amegundua kuwa "ndiyo" huzaa maswali mengine sita.

Nauli ilipwe kwa umbali. Kiwango kimoja kwa wote ni rahisi kwa mhasibu, lakini kinamwadhibu wa mbali, na wa mbali ndiye anayeponyoka. Kiasi kipitishwe na kamati ya maadili, kirudishe gharama bila kuwa chambo. Kulipa kwa simu kuna faida, isipokuwa pale simu ni ya mume na mke hajamwambia kuwa yumo kwenye utafiti. Muulize kwanza.

Kuhusu damu, Mheshimiwa, tusijifanye hatujui. Neno mumiani bado linatembea. Dawa yake ni kuonyesha, siyo kukasirika. Tunachukua kijiko cha chai mbele ya watu: kijiko kimoja ni mililita 5, tukichukua mililita 10 ni vijiko viwili, wakati mtu mzima ana damu kama lita 5. Tunaeleza kila chupa inakwenda wapi na inapima nini. Lakini hata maelezo mazuri hayafuti lalamiko kubwa kuliko yote: "Damu mnachukua, majibu hamleti." Presha na sukari majibu yatolewe hapo hapo, kwa maandishi, na presha ya 140 kwa 90 au zaidi irudiwe, na ikibaki juu mtu apewe rufaa ya zahanati. Majibu ya maabara yapewe tarehe, na tarehe ikipita tumpigie sisi kabla hajatuuliza. Na kila mwaka kijiji kiitwe kielezwe kilichoonekana. Waingereza wana utafiti wa watoto waliozaliwa mwaka 1946, nao huwatumia washiriki kadi ya siku ya kuzaliwa. Hapa kwetu kadi si lazima. Kupita kumjulia hali mzazi aliyejifungua, mikono mitupu na bila dodoso, kunatosha.

Mtu asipofika, tunapiga siku hiyo hiyo. Mara tatu, kwa nyakati tofauti: asubuhi, jioni, na Jumapili baada ya ibada. Kupiga mara tatu saa 4 asubuhi ni kupiga mara moja, mtu yuko shamba. Baadaye wale ndugu watatu, na ndani ya siku 7 tunafika nyumbani kwa miguu, gari lenye nembo libaki barabarani. Jirani akiuliza, tunasema tunamtafuta kwa mazungumzo, basi. Ujumbe wa simu hautaji ugonjwa wala kipimo: "Habari, tunakukumbusha miadi yako Jumanne saa 2 asubuhi. Karibu." Fomu za mawasiliano hukaa kabati tofauti na majibu, zikiunganishwa kwa namba tu. Ndivyo ilivyokuwa desturi, na sasa ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mwishoni tunaandika kilichotokea kwa neno lake sahihi: amehama, amefariki, hakupatikana, au amejitoa. Kuyachanganya haya ni kosa linalojirudia sana. Aliyehama anaweza kupimwa alipo. Binti aliyeolewa Mbarali haachi kuwa mshiriki. Akirudi, namba yake ni ile ile ya zamani, asisajiliwe upya akawa watu wawili. Mtoto aliyeandikishwa na mzazi akifika miaka 18 anaulizwa ridhaa yake mwenyewe. Na aliyejitoa amejitoa. Hafuatwi kwa ndugu wala kwa mwenyekiti. Tunamshukuru, tunamuuliza kama takwimu zake za nyuma zibaki kutumika, tunaaga.

Kutokana na hilo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu la kwanza ni la kushangaza kidogo. Tunaomba viongozi wa vijiji wasitusaidie kupita kiasi. Wapo ambao kwa nia njema huwatuma mgambo, au kutangaza faini kwa asiyefika kupimwa. Ridhaa ya mtu aliyeletwa na mgambo si ridhaa, na mwakani atakimbilia shamba tukionekana tu. Tutashukuru ukilisema katika vikao vyako.

La pili ni barua ya utambulisho kufika kwa watendaji na wenyeviti wiki mbili kabla ya timu. Barua ikifika nyuma ya sindano, hata kijiko cha chai hakisaidii.

La tatu ni daftari la wakazi. Vijiji ambavyo mtendaji anaandika nani kaingia, nani katoka na kaelekea wapi, tunampata mtu kwa siku moja. Pasipo na daftari ni wiki tatu na nauli za bodaboda zisizo na risiti. Tunaomba madaftari hayo yahuishwe, nasi tusifunguliwe bila kuonyesha kibali.

La nne tunalielekeza kwa watafiti walioketi meza kuu. Fedha ya ufuatiliaji isiwe ile inayokatwa kwanza vitendanishi, yaani kemikali za kupimia maabara, vikipanda bei. Na mfuatiliaji anapobadilishwa, mpya afuatane na wa zamani kwa mahudhurio mawili, awapokee washiriki mkono kwa mkono.

Fomu tulizojaza katika mafunzo ziko mezani kwako kwa ukaguzi, majina yakiwa ya kubuni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.