Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Kaunti ya Mombasa: Matimbo yetu yaliyoachwa wazi

Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi. Mimi ni fundi mwashi wa hapa Kisauni, na kabla sijashika mwiko nilishika tindo. Kwa miaka kumi na moja nilikata mawe kwa mkono kwenye matimbo ya huku bara, kwa hivyo haya nikuandikiayo sikusimuliwa. Nyumba nilizozijenga zimesimama. Mashimo yaliyotoa mawe yake nayo yako pale pale, wazi, na mengine bado twayaita kwa majina ya wenzetu waliokuwa wakikata humo.

Wiki mbili zilizopita, mvua ilipokatika, nilipita kwenye timbo nililoanzia kazi. Kuta zake ni wima, kimo cha watu wanne waliopandana mabegani. Alama za tindo zingali zaonekana, mistari yote imelalia upande mmoja, ila pembeni kuna mahali imegeuka ghafla. Hapo ndipo alipokuwa akikaa mwenzetu mmoja wa mkono wa kushoto. Chini kumejaa maji ya kijani. Watoto watatu walikuwa wakiogelea, kila mmoja kakumbatia dumu tupu la mafuta ya kupikia. Upande wa pili lori limeinua mgongo lamwaga taka: nepi, mifuko, vifuu vya madafu, godoro lililochanika. Na kati yao mama mmoja ameketi jiweni, afua sare za shule kwa maji hayo hayo. Nikamuuliza kisima chake kikoje siku hizi. Akanambia cha kufulia kingali cha kufulia, lakini chai hawaipiki tena kwa maji yake, ina kaharufu.

Najua utaniambia hiyo ni habari ya taka, si ya mawe. Mheshimiwa, ni habari moja. Shimo lisilo na mwenyewe huwa jaa, na lori la taka halikuja pale kwa bahati. Lilikuja kwa sababu sisi tulilichimbia mahali pa kumwaga tukaondoka.

Lazima nikueleze jiwe lenyewe, maana nahisi wengi wanaoidhinisha makaratasi hawajapata kulipasua. Jiwe letu ni matumbawe yaliyokufa. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na palipo na nyumba zetu palikuwa na miamba hai yenye samaki. Hadi leo ukilipiga jiwe likaachana unakuta kombe la chaza limelala ndani, au tumbawe la duara na mikunjo yake yote, kama lilizikwa jana. Ndiyo maana ni jepesi kukata, na ndiyo maana lina matundu kama kitumbua kilichoumuka vizuri. Kila linalomwagwa juu yake hushuka. Halichuji kama mchanga unavyochuja. Hupitisha tu, kwa nyufa na mapango madogo, likaenda likatokea kwenye kisima cha mtu.

Na maji ya hivyo visima yana hali yake. Mvua huingia mwambani, na yale maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, kama mafuta ya nazi yanavyoelea juu ya mchuzi. Hesabu yake hushangaza: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, huwa kuna mita 40 hivi chini yake zinazoibeba. Ukiipunguza ile mita moja kwa kuivuta ovyo au kuiacha ikauke juani, chumvi hupanda kutoka chini kwa kiasi kikubwa kuliko ulichokitoa juu. Sasa sisi wakataji tulikuwa na tabia ya kufuata jiwe zuri hadi tukute maji. Tulikuwa tukifurahi hata, tukisema leo tumepata pa kuoga. Kumbe tulikuwa tumeezua paa la kisima cha mtaa mzima.

Mombasa hainywi maji yake yenyewe, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Bomba la chemchemi za Mzima latoka kiasi cha kilomita 220, mengine ni ya Baricho kwenye mto Sabaki. Mfereji ukikauka wiki nzima, na hukauka, mtu wa Kisauni hurudi kwenye kisima. Hana pengine.

Sikuandikii ili matimbo yafungwe. Nikiyasema hayo nitakuwa mnafiki, kwa kuwa watoto wangu wamesoma kwa pesa ya jiwe, na wapo kina mama ninaowajua ambao tangu alfajiri wako chini ya mwavuli wa makuti wakigonga kokoto. Isitoshe mji huu ni jiwe. Fort Jesus ilipoanza kujengwa 1593, handaki lake lilichongwa humu humu mwambani, na Mji wa Kale wote ni matumbawe na chokaa. Kukata mawe si dhambi. Tofauti ni kwamba zamani watu sita kwa tindo na mtaimbo walikuwa wakichukua miaka kuimaliza robo eka. Msumeno wa mashine huimaliza kabla msimu haujageuka, kisha wahamia shamba la jirani.

Kazi yenyewe huanza kwa hasara ambayo hakuna aiandikaye popote. Udongo wa juu huku ni mchache, shubiri mbili, penye bahati tatu. Huo ndio wa kwanza kusukumwa kando. Ukirundikwa vizuri ukafunikwa, siku ya kumaliza waweza kurudishwa. Sisi tuliuacha mvua iufagie, na uliobaki akapewa mtu wa bustani za maua. Bila huo hapaoti hata kwekwe. Halafu lile vumbi. Asubuhi nilikuwa nikikohoa mate yatoka meupe, na kope zimeganda kama zilizopakwa unga. Mwembe wa jirani ulivaa kanzu mwaka mzima. Hautoi embe mti uliozibwa pumzi.

Na jiwe likishaondoka hapa safari haijakwisha. Nilipokwenda kufanya mtihani wa gredi, mwalimu alituonyesha hesabu ya tanuu: kilo 100 za jiwe safi la chokaa, zikichomwa barabara, hubakisha kilo 56. Tukamuuliza nyingine ziko wapi. Akaonyesha juu. Kilo 44 zimekuwa hewa ya kaboni zikapaa, na hapo hujahesabu moshi wa kuni au makaa yaliyochoma. Saruji nayo kiini chake ni jiwe hilo hilo lililochomwa. Sikuandikii hili uhuzunike, nalitaja tu ili tusidhani gharama yake huishia ukingoni mwa shimo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa. Mtu akikwambia timbo haliponi, mchukue mpeleke Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza kazi pale 1954, na baada ya miaka kumi na kitu kilikuwa kimeacha jangwa jeupe la kuumiza macho, sakafu ya jiwe tupu juu kidogo tu ya maji ya chumvi. Mwaka 1971 Mswisi mmoja aitwaye René Haller akaanza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Nyingi zilikufa. Mvinje ukakubali, kwa sababu hauogopi chumvi na mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyoitoa naitrojeni hewani ukajilisha wenyewe. Lakini sindano zake zikawa zaanguka zarundikana, hazitaki kuoza. Mti upo, udongo haupo.

Wajua nani aliyeokoa kazi ile? Jongoo. Haller aliwaona majongoo wekundu wa miguu wakizila zile sindano, akawakusanya kwa mamia akawamwaga humo. Wakala, wakanya, na kinyesi chao kikaanza kuwa udongo. Yule yule ambaye wahenga walimtania kuwa hapandi mtungi ndiye aliyelivika msitu jangwa lile la mawe. Watalii huenda kusikiliza habari za Owen, yule kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akafanya urafiki na kobe mzee. Mimi kila nikipeleka wajukuu huwatafutia majongoo kwanza.

Ila tusidanganyane kwa mfano huo. Pale palikuwa na kiwanda chenye pesa, mtu mmoja mkaidi, na miongo ya subira. Watu waliruhusiwa kuingia kuzuru 1984, miaka kumi na mitatu tangu mche wa kwanza. Timbo la robo eka la huku ndani lina nini? Mwenye shamba yuko mbali, mkataji keshahama, na aliyenunua mawe kashahamia kwenye nyumba yake. Mwenye shamba tuliyemfanyia kazi sisi alituahidi mbele ya watu kwamba tukimaliza atalifukia. Tulimaliza. Miaka mitatu baadaye tulirudi na kamba na mtumbwi wa kuazima kumtoa mtoto wa miaka tisa. Nilishuka mimi, kwa sababu nilikuwa nakijua kingazi kilikochongwa ukutani. Nilikichonga mwenyewe.

Kwa hivyo ninachokuomba ni kimoja, na mengine hutoka humo: jiwe la kwanza lisikatwe kabla pesa ya kuliponya shimo haijawekwa. Isiwe ahadi wala barua ya mwenye shamba. Iwe pesa iliyokaa mahali, isiyoguswa na yeyote hadi afisa wako asimame ukingoni aone mti umeshika.

Najua utakavyonijibu. Madini ni ya serikali kuu, leseni si zako. Ni kweli, na Sheria ya Madini ya 2016 imeshataka mwenye leseni ya kuchimba aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya mazingira. Lakini katika matimbo yote niliyofanyia kazi sikupata kulisikia neno dhamana, hata kwa utani. Sheria ile ilimtazama mkubwa; sisi wadogo tulipita chini ya mkono wake. Na Jedwali la Nne la Katiba limekupa wewe mipango ya kaunti, taka na majaa, vumbi, kelele, na hifadhi ya udongo na maji. Nitajie ni kipi katika timbo ambacho hakimo humo.

Kama gharama ndiyo inayokutisha, basi tazama Mikindani. Wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru waliyeyushiwa madini ya risasi ya betri kuukuu ukutani mwao. Mitambo ilifungwa 2014, na Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo na mwanawe akapatikana na sumu hiyo, aliendelea kupiga mguu mahakamani pamoja na wakazi. Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka kumi kutoka kufungwa hadi kauli ya mwisho. Watoto waliokuwa wakinyonya wakati ule sasa wana sauti nzito. Risasi na chokaa si sumu moja, sifananishi. Nafananisha tabia ya kuacha kwanza na kuhesabu baadaye.

Ukikubali hilo moja, anza na yaliyopo. Tuma vijana wawili wenye simu za kupiga picha na sisi wakataji wa zamani tutawatembeza, kwa sababu ramani ya matimbo yaliyoachwa haiko ofisini, iko vichwani mwetu. Yale yenye maji yazungushiwe ua kabla ya mvua za vuli, na yatiwe perege wa kula viluwiluwi vya mbu. Maji ya visima vya jirani yapimwe chumvi na uchafu, masika na kiangazi, na majibu yabandikwe msikitini na kanisani, si kwenye faili. Kwa timbo jipya, mkataji asimame mita mbili juu ya maji, udongo wa juu urundikwe ufunikwe. Hayo si ya kitaalamu sana. Nikiwa kijana angetokea mtu mmoja akaniambia, ningeyafanya kwa tindo lile lile.

Pesa ya kuanzia nayo haiko mbali. Kila lori la mawe hulipia ushuru kizuizini. Nimeketi juu ya mengi nikaona risiti zikikatwa. Tenga sehemu ya ushuru huo kwa shimo lililotoa jiwe lenyewe. Vijana waliokuwa wakikata ndio walipwe kupanda, maana wao ndio wanaojua ufa ulipo na mahali mzizi utakapopenya.

Uje mwenyewe, Mheshimiwa, bila msafara. Njoo saa kumi na mbili asubuhi, jua likipanda ule weupe hauangaliki. Vaa viatu vya soli ya mpira, ukingoni kunateleza. Nitakungoja pale njia ya malori inapoacha lami, chini ya ule mwembe uliokauka kichwa. Usiponiona, muulize yeyote fundi aliyekata mawe zamani yuko wapi, atakuleta. Kamba nitakuja nayo.

Wako,
Fundi mwashi, Kisauni