Heri ya Pasaka 2026 kutoka Mwanza: mshumaa unaoshuka majini

Bwana amefufuka, aleluya! Ndugu, jamaa na marafiki wa Kirumba, Igoma, Sengerema, Ukerewe, nanyi mliokwenda kutafuta maisha mbali na ziwa, nawatakia heri ya Pasaka.

Sikukuu hii huhama kila mwaka, na wavuvi wa dagaa wanajua mwendo wake kuliko wengi wetu. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Mwaka huu mwezi ulipevuka alfajiri ya Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili. Mbalamwezi ikiwa kali, taa za wavuvi hazina kazi, kwa kuwa dagaa hawazifuati. Mitumbwi hupandishwa ufukweni na nyavu hushonwa. Ndiyo maana Mkesha wa Pasaka huwakuta wengi wao nchi kavu, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, wakingoja moto nje ya kanisa pamoja nasi. (Wa sangara hao ni habari nyingine.)

Kwenye moto huo ndipo Mshumaa wa Pasaka unapowashwa. Padre huchora juu yake msalaba, Alfa juu na Omega chini, na katika pembe za msalaba huandika tarakimu za mwaka: safari hii 2, 0, 2 na 6. Kisha huchomeka chembe tano za ubani kwa ajili ya majeraha matano ya Bwana. Ufufuko haukuyafuta majeraha hayo, Tomaso aliyaona. Lakini mimi jicho langu huenda kwenye tarakimu. Mshumaa wa mwaka jana hauruhusiwi kurudishwa kazini, lazima uwe mpya, tena wa nta ya kweli. Mwaka unaoandikwa pale ni huu huu wa ada za shule, wa mvua iliyobomoa kuta mlimani, wa harusi tulizochangia na misiba tuliyokesha. Huo ndio unaowekwa chini ya msalaba.

Hata nyuki hawasahauliki: Mbiu ya Pasaka, inayoimbwa mbele ya mshumaa ule, inawataja kwa kazi yao. Watu wa Tabora wana haki ya kujidai kidogo usiku huo.

Baada ya masomo, ambayo ni marefu na watoto husinzia, hufika saa ya kubariki maji ya ubatizo. Hapo padre aweza kuushusha mshumaa majini, mara moja au mara tatu, akiomba Roho Mtakatifu ayashukie maji. Mtume Paulo anawaandikia Warumi kwamba kwa ubatizo tulizikwa pamoja na Kristo ili tuenende katika uzima mpya. Ukilisikia neno hilo ukiwa mbali na maji, ni fundisho. Ukilisikia Mwanza, yapo majina yanayokujia, maana hapa tunajua vizuri maji yanaweza kumzika mtu.

Tarehe 21 Mei mwaka huu inatimia miaka 30 tangu MV Bukoba ilipozama karibu na Bwiru, ikiwa imebakiza mwendo mfupi tu kufika bandarini. Mamia walikufa, na wengi wamelala Igoma. Zipo familia ambazo hazikupata mwili wa kuzika, wala jeneza la kusimamisha kando yake mshumaa huu, kama tunavyofanya tunapomuaga mbatizwa kanisani. Kwao ziwa lenyewe ndilo kaburi. Ninapouona mshumaa ukishuka majini na kupanda tena huku ukiwaka, siwezi kuwaza jingine.

Baada ya Pentekoste mshumaa huhamishiwa kwenye kisima cha ubatizo, na hapo kila mtoto atakayebatizwa mwaka huu atawashiwa mshumaa wake mdogo kutoka kwenye huo. Ila Pentekoste ni tarehe 24 Mei. Kumbukumbu ya meli itakapofika, mshumaa wa 2026 utakuwa bado karibu na altare.

Basi ninyi mliopoteza baba, mama, kaka, dada au mtoto siku ile, salamu hizi ni zenu kwanza. Tukijaliwa uzima, tukutane Igoma tarehe 21. Pasaka njema.